Jaketi Okozi: Uzito Wako na Uwezo wa Kuelea Ziwani

Mkoa wa Simiyu unafahamika zaidi kwa pamba na mifugo kuliko kwa usafiri wa majini. Hata hivyo, Wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke, na wakazi wa Bariadi, Maswa, Itilima na Meatu nao hupanda boti na vivuko kwa shughuli zao. Abiria ambaye hakukulia ziwani anapaswa kufahamu kwamba si kila jaketi okozi linaweza kumwokoa.

Kwa nini mtu huelea

Mwili ulio majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji uliyoyasukuma kando. Kwa hiyo, mtu wa kilo 70 hubebwa na maji karibu uzito wake wote. Mzigo unaobaki ni kichwa, chenye takriban kilo 5, ambacho lazima kiwe juu ya maji ili apumue. Mzigo huo ndio unaobebwa na jaketi.

Maji ya ziwa hubeba kidogo kuliko ya bahari. Lita 1 ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025, ilhali ya ziwa ina kilo 1. Kwa mtu huyo wa kilo 70, tofauti hiyo inakaribia kilo 2. Aliyezoea kuelea baharini asidhani ataelea vivyo hivyo ziwani.

Soma lebo kabla ya kununua

Uwezo wa jaketi hupimwa kwa nyutoni. Nyutoni 10 hubeba takriban kilo 1. Kwa mtu mzima, jaketi la nyutoni 50 humfaa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. La 100 hufaa maji tulivu. La 150 hufaa maji wazi yenye mawimbi. Viwango vya watoto ni vidogo zaidi.

Lebo huonyesha pia kilo za mvaaji. Mtu mnene si lazima azame haraka, kwa kuwa mafuta ya mwili huelea, ilhali misuli na mifupa huzama. Kilo hizo hukusaidia kupata jaketi linalokutosha, kwani lililo kubwa mno hupanda usoni au kuvuka kichwa. Usimnunulie mtoto jaketi la kukulia.

Lijaribu

Livae, funga vifungo vyote, kisha mwombe mwenzako alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni, halikufai. La mtoto liwe na mkanda unaopita kati ya miguu. Likatae jaketi lililochanika, lililokatika mikanda au lililojazwa sponji ya godoro, kwa sababu sponji hiyo hufyonza maji na kupoteza uwezo wa kuelea.

Livae kabla ya safari

Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Kuwa karibu na nchi kavu si kinga, na chombo kinapopinduka hakuna muda wa kutafuta jaketi.

Kabla ya kupanda, dai jaketi linalokutosha wewe na mtoto wako. Ukilikosa, usipande, toa taarifa kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lenye dhamana ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini.