Vidole Havifanani: Tusiwanyime Vijana Nafasi ya Kujifunza Kinanda



Hapa Mkonze, vijana wanapochaguliwa kujifunza kinanda, mara nyingi tunasikia: "Huyu ana vidole vifupi," au "Mikono hii ni ya jembe." Tunaomba tutazame jambo hili kwa makini, maana kijana anaweza kupoteza nafasi yake bure.

Kwanza ni urefu. Kwenye kinanda cha saizi kamili, kutoka do hadi do ya juu ni takriban sentimita 16.5. Asiyefika asilazimishwe kujinyoosha hadi aumie. Sauti ya tatu ikiwa mbali na ya nne, mkono wa kulia unaweza kuichukua, au nota moja ikaachwa. Josef Hofmann, mpiga piano mashuhuri mzaliwa wa Poland, alikuwa na mikono midogo. Kampuni ya Steinway ilimtengenezea piano zenye vibonyezo vyembamba.

Pili ni unene. Vidole vinene hubanwa katikati ya vibonyezo vyeusi. Mwenye navyo apige karibu na ukingo wa vyeupe kila inapowezekana. Mwenye vidole virefu naye avikunje zaidi.

Tatu ni uhuru wa vidole. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati chini yake, kisha jaribu kuinua kidole cha pete. Kwa wengi kinagoma, kwa kuwa kano zake zimeungana na za vidole jirani. Huo si uvivu. Mwalimu abadilishe mpangilio wa vidole.

Hata aliyepoteza mkono hajafungiwa mlango. Paul Wittgenstein wa Austria alipoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza, na Ravel akamtungia muziki wa piano wa mkono wa kushoto peke yake, uliopigwa mara ya kwanza mwaka 1932. Nasi Dodoma tunayo ilimba, inayopigwa hasa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa wetu aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya.

Hivyo tunapendekeza:
- Kamati zichague kwa sikio, bidii na mahudhurio, si kwa kutazama vidole.
- Wafadhili wanaochangia vinanda waulize kwanza upana wa vibonyezo. Vya kuchezea watoto havifai kuongozea kwaya.
- Mwanafunzi akisikia maumivu, apumzike na mwalimu aelezwe.