Istilahi "Mwaniuzi" na Matumizi Yake

Mswada mmoja wa kitabu cha biolojia niliopewa kuupitia ulikuwa na neno "mwaniuzi", nalo lilitajwa kuwa jina la ngeli ya viumbe vya majini. Neno lenyewe ni zuri: linatamkika, na sehemu zake zote mbili ni za Kiswahili. Hata hivyo nilishauri lisikubaliwe kwa kazi hiyo, na yafaa sababu zielezwe.

Kwa wakazi wa pwani, mwani ni wa baharini. Tangu kilimo chake cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, wengi wakilisikia neno hilo huuwaza ule unaoanikwa na kuuzwa, ambao wataalamu huuweka katika mwani mwekundu. Ukiingia bara kidogo tu, mambo ni mengine. Huko Sofu, Kibaha, niliokota katika dimbwi nyuzi za kijani zenye utelezi. Bibi mmoja aliyekuwa akichota maji akacheka: "Huo uchafu wa maji tu, mwanangu."

Chini ya hadubini "uchafu" ule ulikuwa Spirogira: seli zilizopangwa mstari mmoja, na ndani ya kila seli kloroplasti iliyojizungusha kama parafujo. Kladofora nayo ni uzi wa kijani, ila hukwaruza mkononi na huchipua matawi. Wataalamu wa zamani walitazama rangi na umbo, W. H. Harvey aliugawa mwani kwa rangi mwaka 1836. Kwa mtazamo huo viumbe hivi viwili ni ndugu.

Uchunguzi wa jeni umeutengua udugu huo. Mwani wa kijani una koo kuu mbili, Klorofita na Streptofita. Kladofora imo katika ukoo wa kwanza, pamoja na Ulva, ule mwani mpana kama jani la saladi. Spirogira imo katika wa pili, na tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2014 na 2019 zinaonyesha kuwa kundi lake ndilo lililo karibu zaidi na mimea ya nchi kavu. Basi nyuzi zile za Sofu zina nasaba ya karibu na mhindi na mnazi kuliko na Kladofora. Umbo la uzi limezuka zaidi ya mara moja, kila ukoo kivyake.

Walimu wa sarufi hawatashangaa. Twasema mtu mzuri, mti mzuri. Wingi ukitajwa, watu na miti huachana njia.

Kwa hiyo "mwaniuzi" libaki istilahi ya umbo, kama tuitavyo "mti" mwembe na mnazi pasipo kudai kuwa ni wa ukoo mmoja. Majina ya nasaba yatoholewe. Najua wapo wanaolalamika kwamba utohozi umezidi, na mara nyingi nami nimo miongoni mwao. Lakini hapa neno letu wenyewe lingemfundisha mwanafunzi kosa. Mfasiri na aandike "baadhi ya mwaniuzi ni Klorofita, na baadhi ni Streptofita". "Ngeli ya mwaniuzi" asiandike.