Desemba 5, Desemba 24 au Januari 6: Kwa nini zawadi hazifiki siku moja Ulaya?

Mzazi anayehamia Ulaya kutoka Bukavu, Bujumbura au Mombasa hudhani anaijua Krismasi. Kisha mwanzoni mwa Desemba mtoto anarudi kutoka shuleni akitaka kuacha kiatu chake mlangoni usiku kucha. Asiyeifahamu desturi ya mahali alipo humwacha mwanawe akaamka na kukuta kiatu kitupu, ilhali wenzake darasani wote wamepata.

Tarehe hubadilika mara tu uvukapo mpaka. Uholanzi zawadi hutolewa jioni ya Desemba 5. Ubelgiji na Luxembourg hutolewa asubuhi ya Desemba 6, na huko Luxembourg wanafunzi wa shule za msingi hupumzika siku hiyo. Hapa Ujerumani, kiatu cha Desemba 6 hutiwa pipi, karanga na machungwa tu. Zawadi zenyewe husubiri jioni ya Desemba 24. Watoto wa Uhispania husubiri zaidi, hadi Januari 6, sikukuu ya Mamajusi waliompelekea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane.

Chimbuko la Desemba 6 ni Mtakatifu Nikolasi, askofu wa karne ya nne wa mji wa Myra, katika Uturuki ya leo. Mapokeo yanasema alifariki tarehe hiyo. Yanasimulia pia kuhusu baba fukara aliyeshindwa kuwaoza binti zake watatu, kwani kwa desturi ya huko, kinyume na yetu, mali ilitoka upande wa bibi harusi. Nikolasi akamrushia dhahabu dirishani usiku, pasipo kujitambulisha. Ndiyo maana hadi leo zawadi huja usiku na mletaji haonekani.

Karne ya 16 ikaleta mgawanyiko. Martin Luther alipinga ibada kwa watakatifu, na Waprotestanti wa Ujerumani wakahamishia zawadi kwenye Krismasi, wakiwaambia watoto kwamba zinaletwa na Mtoto Kristo. Ajabu ni kwamba leo Mtoto Kristo huyo anatajwa zaidi Bavaria na Austria, penye Wakatoliki wengi, na kaskazini ya Kiprotestanti imempokea mzee mwenye ndevu nyeupe. Wahubiri wa Kikalvini wa Uholanzi nao walimpiga vita Nikolasi, lakini wananchi hawakumwacha.

Tofauti ya Januari 7 ni ya hesabu tu. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliirekebisha kalenda kwa kuruka siku 10. Makanisa kadhaa ya Kiorthodoksi, yakiwemo ya Urusi na Serbia, yalibaki na kalenda ya kale, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13. Kwa hiyo, kwa hesabu yao, wao pia husherehekea Desemba 25. Ukraine, ikiwa vitani na Urusi, ilibadili sheria mwaka 2023 na kuihamishia sikukuu ya Krismasi Desemba 25 ya kalenda ya kawaida. Huko, tarehe imekuwa tamko la kisiasa.

Kwa familia zenye asili ya Afrika zinazoishi Uholanzi, jambo zito zaidi si tarehe. Tangu kitabu cha mwalimu Jan Schenkman cha mwaka 1850, askofu husindikizwa na mtumishi mweusi, na kwa miaka mingi Wazungu walioigiza nafasi hiyo walijipaka rangi nyeusi usoni, midomo wakaipaka nyekundu na kuvaa nywele za bandia zilizosokotana. Baada ya maandamano ya miaka kadhaa, mwaka 2019 mapokezi ya kitaifa ya askofu yanayorushwa na televisheni yalikuwa na wasindikizaji wenye masizi kidogo tu usoni, kama watu waliopita kwenye dohani. Shule na miji mingi imefanya vivyo hivyo, ingawa si yote. Askofu huwasili katikati ya Novemba, hivyo mzazi anayetaka kujua shule ya mwanawe inamleta msindikizaji wa namna gani hana budi kuuliza kabla ya hapo.