“Contact Myself”: Chanzo cha Kosa la Barua za Kazi, na Dawa Yake Iliyomo Ndani ya Kiswahili

Kijana asiye na kompyuta nyumbani huchapiwa barua ya maombi ya kazi kwenye maduka ya steshenari: Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Mwenge, Tegeta. Mara nyingi mchapaji hufungua faili la mwombaji aliyetangulia, akabadilisha jina, anwani na namba ya simu, na kuyaacha mengine kama yalivyo. Kwa njia hiyo sentensi moja ya Kiingereza husafiri kutoka barua hadi barua: “For more information, contact myself.” Kijana akiajiriwa, tuseme kwenye ofisi ya wakala wa forodha kule Kurasini, anakutana na ndugu za sentensi hiyo kwenye baruapepe za kazini: “Please send the documents to Asha and myself.” “I will call yourself tomorrow.”

Sentensi zote tatu zina kosa moja, na watu wengi huliita kosa la uvivu wa kusoma. Sikubaliani nao. Wanaoliandika ni watu makini, tena wanaojitahidi kuandika kwa heshima. Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Sehemu ya chanzo hicho imo ndani ya Kiswahili, na dawa yake imo humohumo.

Tuanze na kanuni ya Kiingereza. Maneno kama “myself”, “yourself” na “themselves” yana kazi mbili. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba mtendaji na mtendwa ni mtu yuleyule: “I cut myself”, yaani nilijikata. Ya pili ni kukazia: “The director herself signed the letter”, yaani mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyesaini. Kazi hizi mbili zina sharti moja: mwenye neno hilo awe ameshatajwa au ajulikane ndani ya sentensi hiyohiyo. Katika “contact myself”, anayeambiwa awasiliane ni msomaji, na mwandishi hakutajwa popote kama mtendaji. “Myself” imekosa mwenyewe. Inayotakiwa hapo ni “me”.

Sasa tugeukie lugha yetu. Kiswahili kimezigawa kazi hizi kwa uangalifu kuliko Kiingereza. Kwa mtu anayejitendea jambo tunayo “ji”: nilijikata. Hiyo “ji” hukaa mahali pa mtendwa, palepale wanapokaa “ni”, “ku” na “m”, wala haikubali kukaa pamoja nao. Mtu husema “alinikata” au “alijikata”. Hawezi kuviweka vyote viwili kwenye kitenzi kimoja. Kwa kukazia tunalo “mwenyewe”, ambalo ukiliondoa sentensi hubaki nzima: “Mkurugenzi alisaini barua.” Na kwa watu wanaotendeana tunayo kauli ya kutendana: walikatana. Kiingereza kimeziweka kazi mbili za mwanzo ndani ya neno moja, kisha ya tatu kikaipa maneno mengine kabisa, “each other” au “one another”. Msemaji wa Kiswahili anaingia kwenye Kiingereza akiwa na vyumba vitatu, anakuta viwili vimeunganishwa, na makosa yanaanzia hapo.

Aina ya kwanza ya kosa husikika kwenye mikutano: “Myself, I think we should wait.” Nyuma yake kuna “mimi mwenyewe naona”, au ile desturi yetu ya kufungua maelezo kwa kutaja nafsi: “Mimi naona tusubiri.” Kiswahili kinaruhusu kwa sababu “mimi” pale mwanzoni ni mkazo, na kazi ya sarufi inafanywa na “na-” iliyo kwenye kitenzi. Mwanafunzi huanza kwa kusema “Me I think”, akakatazwa, akapanda daraja hadi “Myself I think”. Kiingereza kinatosheka na “I think”, au “I myself think” pale mkazo unapohitajika kweli. Jambo hili si letu peke yetu. Nchini India watu wengi hujitambulisha kwa “Myself Rajesh”, na wanaokijua Kiingereza cha kule huitaja sentensi hiyo kama alama yake mojawapo.

Aina ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa inabadilisha maana. Mwanafunzi anaambiwa kwamba “themselves” ni “wao wenyewe”, kisha anaandika “They love themselves” akikusudia wanapendana. Alichoandika ni wanajipenda, yaani kila mmoja anajipenda nafsi yake. Chukua ripoti ya tukio kwenye ghala au karakana: “The two workers injured themselves.” Je, walijiumiza, labda kwa kuangukiwa na mzigo waliokuwa wakiubeba? Au waliumizana, yaani walipigana? Maana ya kwanza ni habari ya ajali. Ya pili ni habari ya nidhamu. Ripoti kama hiyo inaweza kufika kwa kampuni ya bima au kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na atakayeisoma hakuwepo ghalani. Ataamua kwa maneno aliyoyakuta kwenye karatasi.

Tofauti hii Mtanzania ameijua tangu utoto, hata kama hakuwahi kuipa jina la kisarufi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisimama juu ya Ujamaa na Kujitegemea. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, ambayo kwa Kiingereza iliitwa “Education for Self-Reliance”. “Tujitegemee” ni “let us rely on ourselves”. “Tutegemeane” ni “let us rely on each other”. Hakuna aliyewahi kuyachanganya mawazo haya mawili kwa Kiswahili. Mwalimu wa Kiingereza akianzia hapo, somo linaeleweka mapema.

Aina ya tatu inatokana na vitenzi vyetu ambavyo “ji” yake imeganda. Kujiuzulu kuna “ji”, lakini Kiingereza husema “She resigned” tu. Ukiandika “She resigned herself”, msomaji ataelewa kwamba mhusika ameyakubali yaliyomfika na kuacha kupambana, bado yumo kazini. Kujiunga na chuo ni “to join a college”, bila “myself”. Kujifungua ni “to give birth”. Kujifunza kumejengwa juu ya kufunza, kwa hiyo “nilijifunza kompyuta mwenyewe” huzaa “I learned myself computer”, ilhali Kiingereza kinataka “I taught myself to use a computer”. Na mgeni anayekaribishwa ofisini kwa “Feel yourself at home” amepewa tafsiri ya “jisikie uko nyumbani”. Kiingereza husema “Make yourself at home” au “Feel at home”, kwa kuwa “feel yourself” kwa wenye lugha huweza kumaanisha kujipapasa mwili.

Kuna pia upande wa pili wa jambo hili, pale Kiingereza kinapotaka “-self” nasi tunaiacha. “We enjoyed yesterday” inatoka kwenye “tulifurahi”, kitenzi kisichohitaji mtendwa. Kiingereza kinadai “We enjoyed ourselves”. Barua ya onyo huandika “He absented from duty”, wakati kanuni ni “He absented himself”. Nalo neno “avail”, linalopendwa sana na maofisi ya Afrika Mashariki, kwa Kiingereza cha kawaida hutumika kama “avail yourself of this opportunity”, yaani itumie fursa hii. Sisi tumelifanya kuwa kitenzi cha kuleta: “Kindly avail the report.” Kwa msomaji wa Nairobi au Kampala litaeleweka bila shida, kwa msomaji wa London litasomeka kigeni.

Umbo nalo hutatiza. “Ji” yetu ni moja kwa nafsi zote: najiandaa, mnajiandaa, wanajiandaa. Kiingereza hubadilisha mwisho kwa wingi, ndiyo maana tunakutana na “ourself” na “theirself” badala ya “ourselves” na “themselves”. Na kwa kuwa “yeye” yetu haibagui mwanamume na mwanamke, “My sister prepared himself” huteleza hata kwa mtu aliyesoma.

Lakini aina inayotawala maofisini, ile ya “Asha and myself” na “I will call yourself”, haielezwi na sarufi pekee. Inaelezwa na hofu na adabu. Hofu huanzia darasani. Mtoto anasema “Me and Juma went to the market”, mwalimu anamsahihisha: “Juma and I.” Hakuambiwa kwamba “me” ni mbaya pale tu inaposimama mahali pa mtendaji, alichokisikia ni kwamba “me” ni mbaya. Akikua, kila anapofika mahali panapotaka “me” anasita, na “myself” inampa pa kujificha. Wenye Kiingereza cha kuzaliwa hupatwa na hofu hiyohiyo, na baruapepe za maofisi ya Uingereza na Marekani zimejaa “please contact John or myself”.

Adabu nayo ni yetu zaidi. Kiswahili huonyesha heshima kwa shikamoo, kwa Mheshimiwa, kwa kumwita mtu mama, mzee au ndugu kabla ya kumtaja jina. Kiingereza cha leo kina “you” moja kwa mkurugenzi na kwa mtoto wa jirani. Mfanyakazi wa Temeke anayemwandikia bosi wake anaiona “you” kuwa kavu, kama kumwita mkubwa “wewe” bila kumwamkia. Anatafuta neno refu zaidi, anakutana na “yourself”, au “your good self” ya barua za zamani. Nia yake ni njema na inastahili kuheshimiwa. Ila heshima katika Kiingereza hukaa kwingine: kwenye “please”, kwenye “would you”, kwenye cheo kilichoandikwa sawasawa, na kwenye ujumbe usiomchosha msomaji.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba mipaka si migumu kama ukuta. Baada ya maneno kama “like” na “as for”, waandishi wazuri wa Kiingereza wametumia “myself” kwa karne nyingi, na “people like myself” haimfanyi mtu aonekane mjinga. Huko Ireland, “himself” peke yake inaweza kumaanisha mwenye nyumba, sawasawa na sisi tunapoulizia dukani kama mwenyewe yupo. Lugha ina njia zake. Lakini kijana anayeomba kazi hasomwi kwa historia ya lugha. Anasomwa na ofisa mwenye rundo la barua mezani, na kosa kwenye mstari wa mwisho linaweza kumnyima usaili.

Basi kipimo chake kiwe hiki, nacho kinatumia Kiswahili tu. Kabla ya kuandika “-self”, isemee sentensi yako kwa Kiswahili. Ukipata “ji”, kama katika nilijikata, andika “-self”, ukichunga vile vitenzi vilivyoganda kama kujiuzulu na kujiunga. Ukipata “mwenyewe” linaloweza kuondoka bila kuibomoa sentensi, “-self” inakubalika, mradi mwenyewe ametajwa. Ukipata “-ana”, andika “each other”. Ukipata “ni”, “ku” au “nami”, kama katika nitumie, nitakupigia au wasiliana nami (hata kama kitenzi chenyewe kina “-ana”), andika “me” au “you”. “Send it to Asha and me” inapita kipimo hiki: mtumie Asha, nitumie na mimi.

Hapa ndipo shule zetu zinapopaswa kujitazama upya. Katika shule nyingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili msingi mzima, kisha sekondari anageuziwa Kiingereza, na mara nyingi anakatazwa kutamka Kiswahili mle darasani. Katazo hilo linamnyang'anya kifaa bora alichonacho. Mtoto wa Chang'ombe au Kawe anaijua tofauti ya kujipenda na kupendana kabla hajaanza darasa la kwanza. Mwalimu anayemwekea lugha hizo mbili ubao mmoja anamfundisha Kiingereza kwa undani zaidi, na anamwonyesha kwamba lugha ya mama yake ina sarufi yenye akili. Wenye maduka ya steshenari nao wana la kufanya, tena leo: wafungue lile faili linalonakiliwa kila siku na kurekebisha mstari mmoja. “Contact me” inatosha, na kila barua itakayotoka baada ya hapo itakuwa imesahihishwa.