Mbwa wa Kuletwa na Mlinzi wa Dungu

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na siku hizi mjukuu huyo anaonekana hata katika nyua za Kibiti na Ikwiriri. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na wasafiri wakaacha kusubiri kivuko katika Mto Rufiji, Dar es Salaam imesogea karibu na bonde hili. Barabara imeleta saruji, mabati na majokofu. Imeleta pia mbwa wa kigeni, hasa wale wa Kijerumani ambao wengi wetu huwaita mbwa wa polisi, walionunuliwa mjini kwa fedha nyingi na kufungwa mlangoni pa duka au nyumba mpya.

Hatumlaumu mtu kwa kutaka ulinzi. Mwenye mali halali usingizi. Tunachouliza ni kwa nini wengi wa wanunuzi hao, baada ya mwaka mmoja au miwili, huapa kwamba mbwa wa aina hiyo hawamrudii tena.

Jawabu haliko mbali. Mbwa huyo ana manyoya mazito yaliyoumbwa kwa nchi ya baridi, naye amewekwa mahali ambapo joto la mchana na unyevu wa delta humchosha hata mwenyeji. Kupe humjaa masikioni na kumtia homa. Lililo baya zaidi ni mbung'o, ambaye makao yake ni mapori yaliyopakana na bonde, yakiwamo yale ya iliyokuwa Selous, ambayo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Mbung'o humtia mbwa vijidudu vya nagana. Mnyama huanza kwa homa, hukonda huku akilishwa, na mara nyingi macho yake huota ukungu mweupe mfano wa maziwa. Bwana mifugo anapokuja kuitwa, aghalabu muda umekwisha kupita.

Wala jambo hili si geni. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874, alifuatana na mbwa watano aliowaleta kutoka Uingereza. Yeye alifika pwani ya Atlantiki mwaka 1877. Katika mbwa wale, hakufika hata mmoja.

Sasa na tumtazame yule tunayemwita mbwa koko. Hatusemi kwamba yeye haugui, huugua. Lakini uzao wake umeishi na kupe na mbung'o vizazi kwa vizazi, na wale waliokuwa dhaifu walikwisha zamani. Ana manyoya mafupi, mwili mwepesi na tumbo lisilochagua. Kazi yake inajulikana kwa kila mkulima wa mpunga anayehamia shambani wakati wa msimu na kulala katika dungu, akiwalinda nguruwe pori usiku na nyani mchana.

Kazi hiyo si ya mchezo. Kati ya mwaka 2002 na 2004, simba waliua watu wasiopungua 35 katika Rufiji. Wataalamu waliochunguza mashambulizi ya simba nchini walieleza mwaka 2005 kwamba hatari ilikuwa kubwa pale nguruwe pori walipokuwa wengi, kwa sababu simba huwafuata nguruwe hadi mashambani, na mkulima naye hulala humo humo kuyalinda mazao yake. Mbwa hamwezi simba, hilo tunalijua. Lakini mbwa anayebweka mapema humwamsha mtu, na mtu aliyeamka ana nafasi ambayo aliyelala hana.

Ajabu ni kwamba wageni waliitambua thamani hii kabla yetu. Mbwa wa vijijini wa Kongo, ambaye jina lake la Basenji ni ndugu wa neno letu la shenzi, alionyeshwa mjini London mwaka 1937 katika maonyesho makubwa ya mbwa. Leo ana vitabu vya nasaba, na watu wa Ulaya na Marekani humnunua kwa bei ya juu. Sisi tulimwita mshenzi. Wao walimwita mbwa wa ukoo.

Hata hivyo, tusije tukamsifu mbwa wa kienyeji na kumsahau. Atatokea mtu aseme kwamba mbwa huyo huzurura, hula jalalani na kuuma watoto. Ni kweli. Lakini hayo si maumbile yake, ni malezi yake. Asiyefungiwa atazurura, asiyelishwa atatafuta, na asiyechanjwa ataleta kichaa. Karibu watu wote duniani wanaokufa kwa kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza hakuna tiba. Mtoto aliyeng'atwa katika visiwa vya delta hupakiwa katika mtumbwi, husubiri maji yajae, kisha hutafutiwa gari la kumfikisha kwenye sindano. Kila saa inayopita katika safari hiyo ni deni la mtu ambaye hakumchanja mbwa wake.

Kati ya mwaka 2010 na 2015, Serikali na Shirika la Afya Duniani ziliendesha kampeni ya kuchanja mbwa katika wilaya za kusini mashariki mwa nchi, Mkoa wa Pwani ukiwamo. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka, na kampeni ya jana haimkingi mbwa wa leo.

Wako wanaojitenga na mbwa kwa sababu ya unajisi. Tunaiheshimu imani yao, na tunakumbusha tu kwamba dini hiyo hiyo imemruhusu mbwa wa shamba, wa mifugo na wa uwindaji. Aliyeruhusiwa kwa kazi ana haki ya chakula, maji na chanjo.

Shauri letu ni hili. Anayetaka mlinzi achague mbwa wa kienyeji mwenye afya, amlee tangu udogoni, ampeleke kuchanjwa kila mwaka, na amsafishe kupe. Aking'atwa mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kesho. Na yule aliyekwisha kumzika mbwa wake wa kuletwa, kabla ya kuilaumu aina yake, ajiulize kwanza kama aliyekosea kuchagua ni mbwa au ni mwenye mbwa.