Bunduki ya kuunga nyumbani: ruhusa ya Marekani haifiki huku kwetu

Vijana wengi wanaona kwenye simu Wamarekani wanaounga bunduki ndani ya gereji zao. Wenye ndugu kule wanauliza: je, anaweza kututumia vile vipande? Jibu ni hapana.

Kwanza, wengi wa watu hao hawachongi chuma. Wananunua mtutu, kitako na vingine kidogo kidogo, kadiri pesa zinavyopatikana, kisha wanavifunga pamoja. Anayetaka tu kujizoeza kulenga shabaha kwa bei ya chini huchagua bunduki ya masasi ya .22. Ni madogo, bei yake si kubwa, na bunduki hairudi kwa nguvu begani. Lakini hata sasi hilo dogo linaua mtu.

Pili, sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inahesabu kipande kimoja kuwa ndiyo bunduki yenyewe: kile cha katikati kinachobeba mitambo ya kufyatua. Duka lenye leseni linaandika namba yake na kuhakikisha kama mnunuzi hakukatazwa silaha. Vipande vingine vinaweza kufika kwa posta. Mtu anaruhusiwa kuunga bunduki yake mwenyewe, si ya biashara, na majimbo mengine yana masharti makali zaidi.

Shida ilianza pale wafanyabiashara walipouza kipande hicho kikiwa hakijamalizika, bila namba. Polisi wakiokota bunduki ya namna hiyo kwenye mauaji, hawana njia ya kufuata ilitoka wapi. Ndiyo maana mwaka 2022 serikali iliamua kwamba vifurushi vya kuunga bunduki kwa urahisi vihesabiwe kuwa bunduki. Machi 2025 Mahakama ya Juu ikakubali uamuzi huo.

Huku Kongo, sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza kutengeneza, kuingiza ao kuweka silaha bila ruhusa ya serikali. Na Marekani nayo inadai leseni kwa kutuma vipande vya bunduki nje ya inchi. Ndugu akificha kimoja ndani ya koli ya nguo, yeye anaweza kufungwa kule, nawe ukafungwa huku.

Wakaaji wa mashariki wanajua uzito wa bunduki isiyojulikana mwenyewe. Namba ndogo juu ya chuma ndiyo inasaidia kumtafuta.