Printa inayopotea kwenye Wi-Fi: Dawa ipo kabla ya kununua mpya

WENYE biashara ndogo za uchapaji majumbani, zikiwamo steshenari zilizo jirani na shule na vyuo, hupoteza wateja pale printa ya Wi-Fi inapogoma ghafla huku foleni ikiwa mlangoni. Baadhi yao huamua kwenda dukani kununua mashine nyingine. Hata hivyo, mara nyingi mashine huwa nzima. Kilichokatika ni mawasiliano kati yake na kompyuta, na kuyarudisha hakuhitaji fedha.

Chanzo cha tatizo

Ruta, yaani kifaa kinachogawa mtandao nyumbani, hukipa kila chombo anwani ya namba, kwa mfano 192.168.1.23. Anwani hiyo ni ya kuazima. Umeme ukikatika na kurudi, au muda wa kuazima ukiisha, printa inaweza kupewa namba nyingine, na ile ya awali ikaenda kwenye simu ya mtu. Kompyuta huendelea kupeleka kazi kule kule kwa zamani, kisha hutangaza kuwa printa haipatikani. Ni sawa na kupeleka barua kwa mpangaji aliyekwisha hama.

Hatua za kufuata

Dawa ni kuipa printa anwani ya kudumu. Kwanza, mwenye mashine achapishe ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye menyu ya printa yenyewe. Humo ataona anwani inayotumika, pamoja na namba ya utambulisho ya mashine, iitwayo MAC, yenye tarakimu na herufi 12.

Pili, afungue ukurasa wa ruta kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Anwani sahihi, pamoja na neno la siri, mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Katika sehemu ya DHCP aiwekee namba hiyo ya MAC anwani moja isiyopewa chombo kingine, kisha azime printa na kuiwasha.

Tatu, kwa wanaotumia Windows, printa iongezwe upya kwenye kompyuta kwa kutumia anwani hiyo ya TCP/IP. Windows ikiachiwa kuitafuta printa yenyewe, mara nyingi huiunganisha kwa njia ya WSD, ambayo huweza kuipoteza hata kama haijahama.

Mambo mengine ya kuangalia

Printa nyingi za bei nafuu hupokea masafa ya GHz 2.4 tu, hazipokei GHz 5. Ruta iwe imewasha masafa hayo. Kwenye nyumba zilizobanana, ambako ruta za majirani hugombania hewa, chaneli zinazofaa ni 1, 6 au 11, kwa kuwa haziingiliani.

Aidha, printa na kompyuta zisitenganishwe kwa kuweka moja kwenye mtandao wa wageni, kwani ruta nyingi huzuia vyombo vya huko kuonana na vya ndani. Anayetumia simu kugawa mtandao naye ajue kuwa simu ikiondoka, printa nayo hubaki bila njia.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba kuchapisha faili iliyomo kwenye kompyuta hakuhitaji bando. Kazi hupita ndani ya nyumba kupitia ruta tu. Bando likiisha, kazi inaweza kuendelea, mradi ruta ina umeme.

Kwa mnunuzi

Anayenunua mashine kwa ajili ya biashara anashauriwa kuuliza kama ina tundu la kebo ya mtandao. Kebo kutoka kwenye ruta haisumbuliwi na kuta wala majirani, ingawa anwani ya kudumu bado inahitajika. Kama kompyuta ni moja na iko mezani pamoja na printa, kebo ya USB isiyozidi mita 5 inatosha, na habari ya Wi-Fi inaisha hapo.

Kabla ya kutoa fedha za mashine mpya, basi, aanze kwa kuchapisha ule ukurasa wa taarifa. Ukitoka vizuri, injini na wino havina kosa, na kinachotakiwa ni anwani.